Kanuni ya Tatu ya Mwalimu Eliamini

Mwalimu Eliamini hajui kusema hapana. Nalisema hili mapema, msomaji asije akadhani nasimulia habari za mtu katili. Wauza karanga wa hapa Hedaru wanamjua vizuri. Akishuka tu kwenye basi wanamzunguka, kwa sababu akioneshwa kitu atanunua, na akishanunua kwa mmoja atawaonea huruma wengine wote. Siku moja aliingia dukani kwangu na mafagio manne. Nikamuuliza ya nini yote hayo, naye anaishi chumba kimoja. Akasema yule mama alikuwa amebakiza manne tu.

Mimi ni Koleta, wengi huniita Mama Priska. Nina steshenari kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika. Nachapa barua, mikataba ya viwanja, vipeperushi vya misiba na mitihani ya shule. Mwalimu Eliamini nimemchapia kazi zake miaka saba. Binti yangu Priska naye amepita mikononi mwake, kwa hiyo ninayosema nayajua kwa pande zote mbili, ya mchapaji na ya mzazi.

Kwao ni Mhezi, kule juu karibu na Chome, kwa watu wa maharage na migomba ambao Jumapili hakuna anayebaki nyumbani isipokuwa mgonjwa. Alipomaliza chuo alikaa miaka mitano akisubiri ajira, na katikati hapo akafungua meza ya mitumba kwenye gulio letu. Ilikufa kabla ya mwaka kwisha. Mtu alinunua shati Jumatatu, akalivaa harusini Jumamosi, akalirudisha wiki iliyofuata na doa la mchuzi kwamba linambana, naye akalipokea na kumpa jingine. Halafu serikali ikamwajiri, akapangiwa sekondari yetu ya kata huku bondeni, na somo walilompa ni biashara. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye mwenyewe alicheka kuliko sisi.

Kufundisha alijua, hilo sitamnyima. Tatizo lilikuwa nidhamu. Wanafunzi waliingia kipindini kwake kama wanaingia kwa bibi yao, huyu na muwa, yule na habari za mpira. Kazi ya Jumatatu aliletewa Ijumaa, naye akasahihisha. Kidato cha kwanza cha mwaka ule wakafanya vibaya sana, na Mkuu wa Shule, Madam Honorata, akamsimamisha kwenye kikao cha walimu na kumwambia mbele ya wenzake kwamba darasa lake halina tofauti na gulio la Hedaru. Alinisimulia hayo huku akitabasamu, lakini kope zilikuwa zinamchezacheza. Nilimwonea huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniponza.

Januari akaja dukani na karatasi mbili za daftari alizoandika kwa mkono wake mzuri wa kiwalimu. Juu aliandika: Matarajio na Kanuni za Somo la Biashara, Kidato cha Kwanza. Kanuni kumi. Kila mwanafunzi awe na daftari la somo. Kila mwanafunzi awe na biashara ndogo anayoifanya au kuifuatilia nyumbani. Mradi huo uwe wake mwenyewe, si wa kaka yake. Na kanuni ya tatu ilisema hivi, nainukuu kwa kuwa sijaisahau: Mwanafunzi akikosa vipindi vitatu, tafadhali aje tuzungumze.

Nikamwambia, "Mwalimu, hii si kanuni, hili ni ombi. Watakucheka."

"Niandikeje, Mama Priska?"

Mimi nimechapa mikataba mingi ya wapangaji. Lugha yake ninayo vidoleni. Nikafuta maneno yake na kuweka yangu: Mwanafunzi atakayekosa vipindi vitatu, kwa sababu yoyote ile, ataondolewa darasani bila majadiliano. Chini nikaongeza nafasi ya mzazi kutia saini au dole gumba, kwamba amesoma au amesomewa, ameelewa na amekubali. Alisoma kwenye kioo cha kompyuta, akajikuna shingo.

"Si kali mno?"

"Ndiyo maana yake iwe kali. Nani amekwambia utaitumia? Iwepo tu, waogope."

Akakubali. Angekataaje? Ni mtu aliyeshindwa kukataa mafagio. Kitu kimoja tu sikukigusa, nacho ni mstari wake wa mwisho, baada ya kanuni zote. Aliandika: Nami mwalimu naahidi, mwanafunzi atakayefuata haya nitasimama naye mpaka amalize kidato cha nne. Niliona ni maneno mazuri nikayaacha.

Kikao cha wazazi kilifanyika Februari, chini ya bati la darasa jipya, joto likituchemsha. Mwalimu alisoma kanuni zake kwa sauti, Madam Honorata akiwa amekaa nyuma yake. Sisi wazazi tulikuwa tunapiga soga. Kalamu ilizunguka, watu wakatia saini bila kuangalia. Mwingine akatia na ya jirani yake ambaye hakufika. Mimi mwenyewe, niliyeichapa ile karatasi, nilitia saini nikiwa namweleza mwenzangu bei ya vitunguu. Kwetu sisi, karatasi ya shule ni karatasi ya shule. Unatia saini ili uende nyumbani.

Mzazi mmoja hakuwa hivyo. Aliitwa Yonas, mfugaji kutoka upande wa mto Ruvu, mtu mrefu, shuka lake jekundu limepauka kwa jua, fimbo ameiweka chini karibu na miguu. Binti yake Naomi alikuwa wa kwanza katika nyumba yake kufika sekondari. Kalamu ilipomfikia hakuipokea. Akasimama na kuomba asomewe tena, polepole, kwa kuwa yeye hasomi. Watu wakaguna, wengine walishaanza kukusanya mikoba. Mwalimu akasoma upya, moja baada ya nyingine, na kila moja Baba Naomi aliitikia kwa kichwa.

Ilipofika ya tatu akainua mkono. "Hiyo, mwalimu. Unaisema, au utaifanya?"

Naliona jambo hili mpaka leo. Mwalimu Eliamini alitaka kutabasamu, nadhani alitaka hata kusema kwamba, mzee wangu, tutaelewana. Lakini Madam Honorata alikuwa ameinua macho. Mwalimu akanyoosha mgongo.

"Nitaifanya, mzee."

"Na hiyo ya chini kabisa, ya kusimama na mtoto?"

"Hiyo nayo nitaifanya."

"Vizuri," alisema Yonas, akabonyeza dole gumba kwenye wino, akalibandika kwenye karatasi, akaomba nakala yake. Ni yeye peke yake aliyeomba nakala. Aliikunja akaiweka ndani ya kimfuko cha plastiki, akakifunga fundo.

Naomi huyo, mwalimu alimpenda kama walimu wanavyompenda mtoto anayewafanya waone kazi yao ina maana. Biashara yake ya somo ilikuwa maziwa. Asubuhi kabla ya shule alipita na kidumu kwenye vibanda vya chai vya hapa barabarani. Siku moja mwalimu aliwauliza darasani gharama ni nini. Wengine wakasema gharama ni nauli, ni mifuko, ni ushuru wa soko. Naomi akasema gharama ni yale maziwa ambayo mdogo wake hakunywa ili yeye apate ya kuuza. Mwalimu alikuja dukani kunisimulia, hana hata kazi ya kuchapa, amekuja kwa hilo tu. "Miaka mitatu chuoni, Mama Priska, hakuna aliyenieleza vizuri namna ile."

Masika yale hayakunyesha. Aprili ikaisha, Mei ikaingia, na huku bondeni vumbi likawa linaingia hadi kwenye mashine yangu ya kutolea nakala. Ng'ombe walipelekwa mbali kila siku wakitafuta majani. Mama yake Naomi, Susana, akaugua homa iliyomlaza, na maji yakawa ni kazi ya Naomi, kwenda na kurudi na punda saa nne nzima. Ndani ya wiki mbili akakosa vipindi vitatu vya biashara. Aliporudi alimwendea mwalimu wake na kumweleza, amesimama wima kama anangoja hukumu. Mwalimu akamwambia, "Usijali, binti yangu. Kaa, tuendelee. Ile karatasi ni karatasi tu."

Alidhani amemfariji. Naomi akaenda nyumbani akamwambia baba yake maneno hayohayo, maana mtoto wa pale hamfichi baba yake jambo.

Siku ya pili yake nilikuwa shuleni nimepeleka mitihani ya muhula. Nilimkuta Baba Naomi amesimama kwenye varanda ya ofisi ya walimu, na ule mfuko wa plastiki mkononi, nakala ameikunjua. Mwalimu Eliamini akatoka, chaki imemjaa kwenye mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naomi amekosa vipindi vitatu."

"Najua, mzee. Amenieleza, mama alikuwa anaumwa. Pole sana. Hakuna tatizo."

"Tatizo lipo. Limeandikwa."

Mwalimu akacheka kile kicheko chake cha kuomba radhi. "Aa, mzee, zile ni za kuwatisha watoto tu, wasizembee. Kuna kijana anaitwa Sefu amekosa saba, na yumo darasani. Si kitu cha kukusumbua."

Yonas hakucheka. Alimtazama kwa muda, tena si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayeangalia mnyama aliyenunua akiwa mzima na sasa anachechemea.

"Nilikuuliza mbele ya watu," alisema.

"Ni kweli, mzee, lakini ule ni utaratibu tu wa..."

"Ngoja. Ng'ombe wanahama wiki hii. Tunavuka Ruvu, tunakwenda mbali, sijui tutarudi lini. Mama yake anataka twende na mtoto. Mimi nilisema hapana, Naomi atabaki kwa mama yake mdogo hapa Hedaru, asome. Nikamwambia mke wangu usiogope, kuna karatasi, mwalimu amesema atasimama naye mpaka amalize. Sasa unaniambia karatasi hii ni ya kutisha watoto. Kama la tatu ulisema bure, na hili la chini je?"

Nilitaka kuingilia. Nilitaka kumwambia huyu mzee kwamba lile la tatu si lake, ni langu, niliandika mimi kwa kujifanya najua. Nikanyamaza, eti si mahali pangu. Nimejilaani kwa ukimya ule mara nyingi. Lakini aliyeulizwa alikuwa mwalimu, na jibu lililotakiwa lilikuwa fupi. Angesema tu: la tatu nilikosea, la chini ni kweli. Basi. Mtoto angebaki.

Akasema, "Tutaangalia, mzee."

Tutaangalia! Neno la maofisini, la kumwondoa mtu mlangoni. Sijui lilitoka wapi. Nadhani Madam Honorata alikuwa amefungua dirisha, na mwalimu aliogopa kukiri kosa akisikika. Yonas aliikunja karatasi upya. Akaenda mpaka dirisha la kidato cha kwanza, akamwita binti yake kwa Kimaasai, neno moja tu. Naomi akatoka na daftari zake. Alipompita mwalimu aliinamisha kichwa ili amshike utosini kuaga, kama desturi yao, na mwalimu akamshika.

Jumamosi iliyofuata mwalimu akakodi bodaboda kwenda kwa kina Naomi. Alikuta maboma ya miiba yako wazi, majivu yamepoa, hakuna hata mbuzi. Akaenda kwa mtendaji wa kata, akaambiwa wamevuka wilaya. Akapanda basi mpaka Same, ofisi ya elimu ya wilaya, akaambiwa aandike barua kupitia kwa Mkuu wake. Alirudi amechoka, akakaa kwenye benchi langu mchana kutwa akiwaangalia watu wakitoa nakala za vyeti vya kuzaliwa.

Julai, siku ya gulio, Priska alikuja mbio kusema amemwona Naomi upande wa mbuzi. Nikamwita mwalimu kwa simu, tukaenda wote wawili. Alikuwa amesimama na mama yake, amekonda, shuka la bluu begani, na mbuzi watatu wa kuuza. Alitusalimu kwa heshima. Mwalimu akaanza kusema mambo mengi kwa wakati mmoja, kwamba nafasi yake ipo, dawati lipo, mtihani wa muhula atafanya peke yake, yeye mwenyewe atamfundisha Jumamosi.

Naomi alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, baba hataki maneno ya mdomo tena. Anataka karatasi. Uandike kwamba lile la tatu ulikosea wewe, na kwamba lile la chini ni kweli, utie saini yako. Amesema akiipata nitarudi siku hiyohiyo. Wiki mbili zijazo anakuja mwenyewe na ng'ombe wa kuuza."

"Tu?" nilimuuliza. "Hicho tu?"

"Hicho tu, mama."

Susana, ambaye Kiswahili chake si kingi, alinishika mkono akaniambia, "Mtoto analia kila siku. Andika."

Nilikimbia dukani kama msichana. Nikaichapa barua ile kabla hata sijavua mtandio, mistari sita, lugha nyepesi ambayo mtu akisomewa mara moja anaelewa. Sikutaka hata senti. Mwalimu akaisoma, akafuta machozi kwa kiganja, akasema ni nzuri mno. Nikampa kalamu.

"Kesho," alisema. "Nimwoneshe kwanza Madam. Ni suala la shule."

Nikamwambia ni suala la neno lake na la mtoto. Akanisihi nisikasirike. Kesho yake alirudi amenywea. Madam Honorata alikuwa amemuuliza kama ana akili timamu, kuandika kwa mkono wake kwamba amemwondoa mtoto wa kike shuleni, karatasi ambayo ikifika Same itawapeleka wote wawili kujieleza. Alimkataza. Na yeye, ambaye hajawahi kumkatalia mtu, hakumkatalia Madam.

"Tia saini tu, Eliamini," nilimwambia. Nilimwita jina kavu, bila mwalimu. "Nani atajua? Yule mzee ataiweka kwenye plastiki, ataifunga fundo, hataionesha kwa mtu."

"Nitatia. Wacha mambo yapoe kidogo."

Barua ikabaki mezani kwangu, nimeikandamiza kwa mashine ya kubania, nafasi ya saini nyeupe. Kila siku akipita nilimwonesha. Kila siku alisema leo jioni. Nilifikia kumchukia, nasema kweli, nikawa namchukia mtu mwema kuliko ninavyowachukia wezi.

Wiki ya pili akaja na kazi nyingine. Ilikuwa orodha ya wanafunzi walioacha shule, wilaya inaitaka. Fomu ilikuwa na nafasi ya sababu, na sababu walizochagua ni nne tu: utoro, ujauzito, ugonjwa, kifo. Mstari wa tano, kwa ule mwandiko wake mzuri: Naomi Yonas, utoro.

"Huyu si mtoro," nilisema.

"Hakuna nafasi ya kuandika vingine, Mama Priska. Madam amesema nijaze zilizopo."

Nilichapa. Nami nina duka, nami naogopa kukosa kazi za shule, nisijifanye malaika. Aliipeleka ikatiwa saini na kupigwa muhuri, akairudisha asubuhi ya siku ya gulio nimtolee nakala tatu, akasema ataifuata saa saba. Nilikuwa bado sijaitoa kwenye mashine Baba Naomi alipoingia, anainama mlangoni kwa urefu wake, vumbi mpaka magotini. Naomi alikuwa amebaki nje, akitembea huku na huko. Alikuwa amevaa sare ya shule, imefuliwa.

"Mama, mwalimu ameacha karatasi?"

Nikachukua ile barua, nikamsomea yote, mistari sita. Uso wake ulifunguka. Akaigusa kwa kidole pale chini.

"Ametia saini?"

"Bado, baba. Atatia. Amesema atatia."

Macho yake yakahamia kwenye mashine, kwenye ile karatasi nyingine yenye muhuri wa bluu, kwa sababu jina la Naomi analijua. Ni maneno mawili tu aliyojifunza kuyatambua, jina la mtoto na lake.

"Na hiyo ni ya nani? Nisomee."

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimeshachoka na watu waliomdanganya. Nikamsomea mstari wa tano, jina na lile neno, utoro. Huko nje Naomi alikuwa ameacha kutembea.

"Hiyo," alisema Yonas, "ametia saini?"

Nikamwambia ametia.